Tanga Lisiloanuliwa: Uhakiki wa Mapenzi ya Mashabiki kwa Filamu ya Gladiator (2000)

Ikisiri

Makala hii inahakiki filamu ya Gladiator, iliyoongozwa na Ridley Scott na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, kwa lengo la kueleza kwa nini mashabiki wameendelea kuipenda kwa zaidi ya miongo miwili. Hoja kuu ni kwamba mapenzi hayo hayaelezeki kikamilifu kwa tuzo, kwa usahihi wa kihistoria, wala kwa ukubwa wa mapambano yanayoonyeshwa. Chanzo chake ni namna filamu inavyomweka mtazamaji katika nafasi ya mfiwa, kisha ikamwacha humo. Uchambuzi umejikita katika taswira ya nyumbani, muziki wa mwisho na mhusika Juba. Aidha, makala inabainisha upungufu wa mapenzi hayo: mtazamaji huomboleza akiwa katika nafasi ya Juba, lakini hafundishwi kumwombolezea Juba mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Filamu nyingi za kihistoria hupokelewa kwa kishindo, hutuzwa, kisha husahaulika. Chache hubaki. Gladiator ni miongoni mwa chache hizo. Ilitengenezwa kwa bajeti ya takribani dola za Marekani milioni 103, ikaingiza zaidi ya dola milioni 450 duniani kote. Hata hivyo, fedha ni ushahidi wa msimu mmoja tu. Ushahidi wa mapenzi ya kudumu uko kwingine: katika hotuba za mhusika mkuu ambazo watazamaji wanazikariri kwa moyo, katika maonyesho ambapo filamu huoneshwa huku okestra ikipiga muziki wake papo hapo, miongoni mwa kumbi hizo ikiwa Royal Albert Hall ya London, na katika hamu iliyoipokea filamu ya mwendelezo mwaka 2024, yaani miaka 24 baadaye.

Kisa chenyewe si kigumu kusimulia. Maximus, jemadari wa Kirumi mwenye asili ya Hispania, anaombwa na Kaisari Marcus Aurelius airudishie Seneti mamlaka yake. Commodus, mwana wa Kaisari, anamuua baba yake na kuamuru Maximus auawe pamoja na familia yake. Maximus ananusurika, lakini anamkuta mkewe na mwanawe wameuawa. Anauzwa utumwani, anakuwa mpiganaji wa uwanjani, na hatimaye anamuua Commodus mbele ya umma wa Roma kabla ya yeye mwenyewe kufa kwa jeraha.

Swali la makala hii ni hili: mtazamaji anayejua kwamba shujaa atakufa, na aliyekwisha kumwona akifa mara nyingi, anarudi kutafuta nini? Uhakiki unaolichukulia swali hili kwa dharau, ukadai kwamba mashabiki wanapenda tu damu na panga, unajinyima nafasi ya kuisoma filamu yenyewe. Mapenzi ya hadhira ni data ya kihakiki. Yanastahili kuhojiwa kwa uzito uleule tunaoupa muundo na maudhui.

2.0 Maelezo Matatu Yasiyotosha

Maelezo ya kwanza ni tuzo. Katika sherehe za Oscar za tarehe 25 Machi 2001, Gladiator ilipendekezwa katika vipengele 12 na kushinda vitano: filamu bora, mwigizaji bora wa kiume (Russell Crowe), mavazi, sauti na madoido ya picha. Lakini tuzo ya uongozaji ilikwenda kwa Steven Soderbergh kwa filamu ya Traffic, na ile ya muswada asilia ikaenda kwa Cameron Crowe kwa Almost Famous. Hapa pana jambo la kutafakari. Kile ambacho mashabiki wanakikariri zaidi, yaani maneno ya wahusika, ndicho ambacho watoa tuzo hawakukituza. Hivyo basi, mapenzi ya mashabiki si mwangwi wa uamuzi wa watoa tuzo. Yamechagua njia yake.

Maelezo ya pili ni historia. Ni kweli kwamba filamu iliamsha hamu ya kuijua Roma ya kale, na wanazuoni waliitikia. Mkusanyiko wa makala uliohaririwa na Martin Winkler mwaka 2004 ni mfano mmoja. Hata hivyo, historia iliyomo imepindishwa waziwazi. Marcus Aurelius alifariki mwaka 180, na hakuna ushahidi thabiti kwamba aliuawa na mwanawe. Commodus alikuwa ameshatawazwa kuwa mtawala mwenza tangu mwaka 177. Ni kweli kwamba alipenda kupigana uwanjani, lakini aliuawa siku ya mwisho ya mwaka 192 kwa kunyongwa na mwanamieleka aitwaye Narcissus, baada ya kutawala kwa zaidi ya miaka 12. Dada yake Lucilla hakuishi kushuhudia kifo hicho: alishiriki njama dhidi yake, akapelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Capri na kuuawa. Jamhuri haikurudi. Maximus mwenyewe ni mhusika wa kubuni. Masahihisho haya yamekuwa yakitolewa tangu filamu ilipotoka, na mashabiki wengi wanayajua. Mapenzi yao hayakupungua. Kitu kinachostahimili masahihisho kwa kiwango hicho hakikuwa kimejengwa juu ya usahihi.

Maelezo ya tatu ni mapambano na ukubwa wa picha. Mfuatano wa filamu za aina hii uliofuata, kama vile Troy na Alexander za mwaka 2004 na Kingdom of Heaven ya Scott mwenyewe ya mwaka 2005, ulikuwa na majeshi na miji mikubwa isiyo na upungufu wa fahari. Hakuna hata moja iliyopata nafasi ileile mioyoni mwa hadhira pana. Isitoshe, Gladiator inaishutumu hadhara inayoshangilia damu. Baada ya kuwaua wapinzani wake katika uwanja mdogo wa jimbo la Afrika, Maximus anautupa upanga wake kuelekea kwa watazamaji na kuwauliza kwa hasira kama wameburudika. Shabiki anayelikariri swali hilo kwa furaha anakariri karipio lililoelekezwa kwake. Kwa hiyo, filamu inaonyesha mapambano huku ikiutia doa uhondo wake. Ikiwa mapambano yangekuwa ndiyo kiini cha mapenzi, karipio hilo lingekuwa kikwazo. Badala yake, limekuwa sehemu inayopendwa sana.

3.0 Nyumbani Kama Marejeo

Waswahili husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii inaufupisha muundo wa Gladiator kuliko maelezo yoyote kuhusu kisasi. Picha ya kwanza kabisa ya filamu si ya jeshi wala ya Roma. Ni mkono wa mwanamume ukipita juu ya masuke ya ngano. Kisha tunamwona Maximus katika baridi ya Germania, akimtazama ndege mdogo na kutabasamu kabla ya vita kuanza. Kabla ya pigano anaokota udongo na kuusugua viganjani, tendo la mkulima. Kaisari anapomuuliza tangu lini hajafika kwake, anajibu kwa kuhesabu miaka na siku hadi asubuhi ya siku hiyohiyo. Mtu anayehesabu hivyo hajioni kuwa ni wa pale alipo.

Filamu inachukua muda kumwacha aeleze nyumba yake: mawe yanayopata joto la jua, bustani yenye harufu ya viungo, miti ya matunda, farasi wadogo wanaocheza na mwanawe. Maelezo haya ni ya kawaida mno kiasi kwamba mtazamaji wa mahali popote anaweza kuyabadilisha kwa maelezo ya kwao. Hapa ndipo filamu inapomtega. Nyumba inapoharibiwa mapema katika kisa, hamu ya kurudi haifi pamoja nayo. Inabadilika maana. Kuanzia hapo nyumbani kwa Maximus kuko upande wa pili wa kifo, na kila hatua anayopiga kuelekea kwenye ushindi ni hatua ya kuelekea kaburini.

Picha za mkono juu ya ngano, ukuta na mlango unaosukumwa zinarudi kila anapokaribia kufa. Katika pambano la mwisho zinarudi kwa ukamilifu. Maximus amekwisha kuchomwa kisu na Commodus akiwa amefungwa minyororo, jeraha limefichwa chini ya deraya, na ushindi wake ni wa muda mfupi tu. Mtazamaji anajikuta akitaka mambo mawili yasiyopatana: anataka shujaa aishi, na anataka afike nyumbani. Filamu inampa la pili kwa gharama ya la kwanza. Huzuni na faraja zinafika kwa wakati mmoja, na hakuna inayoifuta nyingine. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kurudia kuitazama: kujua mwisho hakuharibu chochote, kwa kuwa filamu ilikuwa imeshautangaza mwisho huo katika picha yake ya kwanza.

Msomaji wa tendi za Kiswahili atakumbuka Fumo Liyongo, ambaye Utendi wake uliandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Liyongo naye hashindwi kwa nguvu. Anauawa kwa hila iliyotoka karibu, kwa mkono wa mwanawe, na anakufa akiwa amepiga goti na upinde wake mkononi hata watu wakaogopa kumsogelea. Ulinganishi huu haudai kwamba tendi hizi mbili zina asili moja. Unaonyesha tu kwamba shujaa wa kitendi hupendwa zaidi pale ambapo adui hana njia ya kumweza ila ya hila, na kwamba namna ya kufa kwake huwaachia walio hai kazi ya kufanya.

4.0 Mbolezi Isiyo na Maneno

Kazi hiyo ya walio hai inaanzishwa na muziki. Muziki wa Gladiator ulitungwa na Hans Zimmer pamoja na Lisa Gerrard, na ulishinda tuzo ya Golden Globe. Wimbo wa mwisho unaimbwa na Gerrard katika sauti zisizo za lugha yoyote inayozungumzwa. Ni matamshi aliyoyabuni mwenyewe, yasiyo na tafsiri katika kamusi.

Katika fasihi simulizi ya Kiswahili tunao utanzu wa mbolezi, yaani nyimbo za maombolezo. Mbolezi za kawaida humtaja marehemu, sifa zake na pengo aliloliacha. Wimbo wa Gerrard unafanya kinyume: una sauti ya mbolezi, mteremko wake na pumzi zake, lakini haumtaji mtu. Kwa kuwa maneno hayapo, kila msikilizaji anaweza kumweka humo anayemkumbuka. Haishangazi kwamba muziki huu umeishi nje ya filamu, hata albamu ya pili ikatolewa mwaka 2001. Mtu anayeusikiliza peke yake nyumbani hahitaji kuikumbuka Roma. Anahitaji tu kuwa amewahi kufiwa.

Jambo jingine linaloongeza uzito huu liko nje ya kisa. Oliver Reed, aliyeigiza kama Proximo, mmiliki wa wapiganaji, alifariki dunia Malta mwezi Mei 1999 kabla upigaji picha haujamalizika. Sehemu zilizobaki zilikamilishwa kwa kutumia mwigizaji mbadala na teknolojia ya kompyuta, na filamu ikatabarukiwa kwake. Kwa shabiki anayelijua hilo, filamu inayozungumzia namna ya kuwatunza wafu imebeba ndani yake mfu halisi anayetunzwa.

5.0 Juba na Nafasi ya Mfiwa

Tendo la mwisho katika Gladiator halifanywi na Maximus, Lucilla wala Seneti. Linafanywa na Juba, mpiganaji Mwafrika kutoka Numidia, anayeigizwa na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin. Uwanja umebaki mtupu. Juba anapiga magoti mahali rafiki yake alipoangukia, anafukua mchanga kwa mikono yake, na kuzizika sanamu mbili ndogo za mke na mwana ambazo Maximus alikuwa akiziomba dua. Anaahidi kwamba wataonana tena, lakini muda wake bado. Kisha anaondoka.

Onyesho hili fupi ndilo ufunguo wa suala linalochunguzwa. Mazishi rasmi yamekwisha kufanyika: Lucilla ameutaka umma umheshimu marehemu, na mwili umebebwa mabegani kwa heshima huku ule wa Commodus ukiachwa mchangani. Hayo ni maziko ya dola. Ya Juba ni maziko ya rafiki. Dola ilimzika askari. Juba alimzika mume na baba. Na kwa kuwa hakuna mtu mwingine uwanjani, anayemwona Juba ni mtazamaji peke yake. Anageuka kuwa mwenzake katika msiba.

Ukweli ni kwamba Juba ameandaliwa kwa kazi hii tangu mwanzo. Ndiye aliyelitibu jeraha la Maximus kwenye msafara wa watumwa, wakati Maximus mwenyewe hakutaka kuishi. Ndiye anayemuuliza kama marehemu wake wanaweza kumsikia. Maswali yake ndiyo maswali ya mtazamaji, na subira yake ndiyo subira ya mtazamaji. Filamu inapoisha kwa ahadi yake ya kuonana tena, lakini si sasa, inatoa kauli ambayo kila aliyefiwa anaifahamu: sijakuacha, ila nina siku zangu za kuishi.

Katika desturi zetu, msiba una mwisho uliopangwa. Tanga huanuliwa, jamaa hutawanyika, na wafiwa hurudi kwenye shughuli zao. Gladiator haianui tanga. Inamwacha mfiwa wa mwisho akiondoka uwanjani, ahadi ikiwa bado haijatimizwa. Shabiki anayerudi kuitazama mwaka hadi mwaka anaitikia wito huo. Anarudi kama mtu anayezuru kaburi, na hakuna anayemuuliza mzuru kaburi kwa nini anarudi ilhali anajua aliyemo.

6.0 Mwendelezo wa Mwaka 2024 Kama Kipimo

Dai hili linaweza kupimwa kwa filamu ya pili. Gladiator II, iliyoongozwa pia na Scott, inamfuata Lucius, mwana wa Lucilla, ambaye sasa anafichuliwa kuwa ni mwana wa Maximus. Chini ya Colosseum kuna mahali palipohifadhiwa upanga na deraya za Maximus kama ziara. Kwa maneno mengine, watengenezaji waliyatambua mapenzi ya mashabiki, wakayajengea jengo ndani ya kisa.

Tatizo ni kwamba kaburi alilolichimba Juba halikuhitaji jengo. Pale Maximus anapofanywa baba wa mwana mwingine, uaminifu wake kwa mke mmoja na mwana mmoja, uliokuwa mhimili wa filamu ya kwanza, unatikiswa. Safari yake ya mwisho ilikuwa na maana kwa sababu wote aliowapenda walikuwa ng'ambo. Sasa inaonekana alimwacha mmoja huku. Kisiasa pia, mwendelezo unakiri kile ambacho wanahistoria walikisema: Roma haikukombolewa na kifo cha mtu mmoja mwema. Kukiri huko ni kwa haki, lakini kunageuza maombolezo kuwa urithi, na mfiwa kuwa mrithi. Kwa maoni ya makala hii, hapo ndipo filamu ya pili inapopungukiwa ikilinganishwa na ya kwanza. Ina watoto wa shujaa, ila haina rafiki wa kumzika.

7.0 Upungufu wa Mapenzi Haya

Kuyaeleza mapenzi si kuyatetea katika kila jambo. Yapo mambo matatu ambayo mhakiki hana budi kuyasema.

Mosi, mke na mwana wanaoombolezwa hawakupewa nafasi ya kuwa watu. Katika orodha ya wahusika wanatajwa kwa uhusiano wao na Maximus tu, na mke hana mazungumzo ya maana. Ni picha za hamu. Tunawalilia kwa sababu yeye anawalilia.

Pili, Maximus tunayempenda anaanza kisa akiongoza jeshi linaloyatiisha makabila ya Germania. Nyumba zilizochomwa na majeshi ya aina hiyo hazionyeshwi. Filamu inatoa nyumba moja iliyochomwa ili iwe mfano wa dhuluma, na nyumba hiyo ni ya jemadari wa upande ulioshinda.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi kwa msomaji wa Afrika, Juba mwenyewe anabaki bila marejeo. Anasema kwamba naye ana mke na mabinti mbali sana. Hata hivyo, kamera haiendi kwake kamwe. Hakuna ngano yake, hakuna mlango wake, hakuna mkono wa binti unaomngojea. Maximus, ambaye nyumba yake imekwisha kuharibiwa, anaonyeshwa akiifikia. Juba, ambaye nyumba yake huenda ingali imesimama, haonyeshwi hata njia ya kuelekea huko. Filamu imempa Mwafrika neno la mwisho, na hilo si jambo dogo katika filamu ya aina hii. Lakini neno lenyewe linamhusu mwingine. Mtazamaji anakaa katika nafasi ya Juba, analia kwa macho ya Juba, kisha anatoka bila kujiuliza Juba alikwenda wapi.

8.0 Hitimisho

Makala hii imedai kwamba Gladiator inaendelea kupendwa kwa sababu inampa mtazamaji kazi ya mfiwa na haimpumzishi kazi hiyo. Taswira ya nyumbani inakifanya kifo kuwa marejeo; muziki usio na maneno unaruhusu kila msiba uingie; na mazishi yanayofanywa na Juba yanamfanya mtazamaji kuwa shahidi pekee. Tuzo, historia na mapambano vilichangia umaarufu wake, lakini havielezi udumifu wa mapenzi yenyewe.

Pendekezo linalotokana na uchambuzi huu ni kwamba tafiti za upokezi wa filamu za kitendi ziache kuuliza tu nani anashinda na kwa silaha gani. Ziulize pia nani anazika, na nani anabaki bila wa kumzika. Katika Gladiator swali la kwanza lina jibu zuri, na jibu hilo ndilo lililoivutia hadhira kwa miaka yote hii. Swali la pili bado linasubiri filamu yake. Juba anatoka uwanjani akiwa huru, mikono ikiwa na mchanga wa kaburi la rafiki yake, na safari yake ya kwenda kwao haijasimuliwa.